Mama mkwe anamlilia Hürrem: kwa nini tamthilia za mbali zinatushika?

"Shikamoo mwalimu. Mimi ni mama wa watoto watatu, tupo Tanga, naishi na mume wangu na mama mkwe. Ikifika saa mbili usiku nyumba yetu inasimama. Mama mkwe, mtu ambaye hajavuka Horohoro maisha yake yote, anatazama marudio ya tamthilia ya Sultan iliyotiwa sauti za Kiswahili na anamlilia Hürrem kama amefiwa na ndugu. Ukipita mbele ya televisheni anakufukuza kwa mkongojo. Binti yangu wa miaka 14 hazitaki hizo, anasema za kizee. Yeye ana za Kikorea kwenye simu, anatazama hadi saa nane usiku, asubuhi haamki, na siku hizi anamwita kaka yake 'oppa'. Mume wangu amechoka. Anasema tamthilia hizi ni njama ya kututawala bila bunduki, zinawafundisha wanawake kiburi, na anataka kuuza king'amuzi. Mimi nipo katikati, na nikisema kweli, na mimi natazama. Naomba unieleze: kwa nini visa vya watu wasiotujua vinatushika hivi? Mume wangu ana haki? Mbona za kwetu haziendi kwao? Na mama mkwe anauliza, huyo Hürrem alikuwepo kweli au wametunga tu?"

Marahaba mwanangu. Swali la mama mkwe nitaliweka mwisho, kwa sababu jibu lake lina mambo ambayo huenda hajayafikia kwenye tamthilia, na sitaki huo mkongojo unigeukie mimi.

Ninavyokusoma, televisheni yenyewe haikusumbui sana. Kinachokusumbua ni kwamba bibi yuko Istanbul, binti yuko Seoul, baba amesimama mlangoni amekunja ndita, na wewe unapika chakula cha wote watatu. Nikutoe hofu kidogo: hayo hayakuanzia Tanga. Miaka ya mwanzo ya 1990, Umoja wa Kisovyeti ukiwa umevunjika na maduka hayana kitu, Warusi walikuwa wakikatiza shughuli zao ili wamwone Verónica Castro wa Mexico akiteseka kwenye tamthilia ya mapenzi iliyotengenezwa mwaka 1979. Mwaka 2004 akina mama wa makamo wa Kijapani walifurika kwa maelfu kwenye uwanja wa ndege wa Narita kumpokea Bae Yong-joon, kijana wa Korea Kusini, na hizo ni nchi mbili zenye historia chungu baina yao. Kwa hiyo mama mkwe wako ana wenzake wengi. Wangekutana wangeelewana, hata bila mkalimani.

Sasa, kwa nini? Jibu la haraka ambalo watu wengi hulitoa, hata wenzangu wa chuoni, ni kwamba za wenzetu zimetengenezwa vizuri: fedha ipo, kamera nzuri, nyuso nzuri, nguo nzuri. Ni kweli kwa kiasi, lakini haitoshi. Mwaka 2005 Waturuki walianza kurusha kwao tamthilia iitwayo Gümüş. Ilikwenda hadi 2007, ikaisha, na haikuitikisa nchi. Mwaka 2008 kituo cha MBC kikaitia sauti za Kiarabu na kuibadilisha jina kuwa Noor. MBC wenyewe walitangaza kwamba sehemu ya mwisho, mwezi Agosti mwaka huo, ilitazamwa na watu wapatao milioni 85 katika nchi za Kiarabu. Waigizaji walikuwa walewale, nyumba ileile kando ya maji, machozi yaleyale.

Kilichobadilika ni lugha, na zaidi ya lugha, ni aina ya lugha. Telenovela za Mexico zilizotangulia huko Uarabuni zilikuwa zimetiwa Kiarabu fasaha, kile cha taarifa ya habari na vitabu, kwa hiyo mume na mke walikuwa wakigombana chumbani kama wanasoma hotuba. Noor ilitiwa Kiarabu cha Syria cha kila siku, cha jikoni na cha varandani. Watu wakasikia familia. Kwa upande mwingine, Dallas ya Marekani, iliyotazamwa karibu dunia nzima miaka ya 1980 na haikukosa fedha wala nyuso, ilifika Japani ikadoda, ikaondolewa hewani baada ya muda mfupi.

Hebu sasa mtazame mama mkwe wako. Unadhani anatazama nini pale? Yeye hana habari na dola ya Osmania ya karne ya 16. Anamtazama msichana aliyeletwa ugenini hana baba wala mama, akaingia kwenye nyumba yenye mwanamke aliyemtangulia ambaye tayari amezaa mtoto wa kiume, na juu yao wote yupo mama wa mwenye nyumba, ambaye anaamua nani aingie chumbani na nani asiingie. Huo ni uke wenza, mwanangu. Mtu wa Pwani hahitaji kufundishwa uke wenza na Mturuki. Bibi amelelewa na mambo hayo: ameyasikia kwenye taarab, ameyaona yakitupwa kwa mafumbo harusini, ameyavaa kiunoni. Mwanamke anayefunga kanga ya "Japo sipati tamaa sikati" na kupita nayo taratibu mbele ya mlango wa mwenzake anaijua Topkapı, jumba la masultani, vizuri sana hata kama hajui iko wapi kwenye ramani. Na samahani, humo ndani kuna mama mkwe mkali kupita kiasi. Sishangai kama bibi anamhurumia Hürrem na wakati huohuo anamwelewa huyo mama wa Sultani.

Wataalamu wa mawasiliano huliita jambo hili ukaribu wa utamaduni, na kosa la kawaida ni kudhani ukaribu ni wa kijiografia au wa dini tu. Ukaribu unaovusha tamthilia ni wa sebuleni: nani anamwamkia nani kwanza, nani anakaa wapi, nani anaogopwa, mahari imelipwa au haijalipwa, mtoto ni wa nani. Nchi ambazo wazee bado wanaishi na vijana, na ambako ndoa ni jambo la koo mbili, zinasomana kirahisi. Mzungu anayeishi peke yake kwenye fleti analazimika kueleza kwa nini asihame tu. Kwetu swali hilo halizuki.

Lakini ukaribu huo haujileti wenyewe. Kuna mtu amekaa mpakani anaufanyia kazi, na huyo watu humsahau. Kwa muda fulani nilifanya kazi ya kuhakiki tafsiri za tamthilia kabla hazijaingizwa sauti, kwa hiyo nikuonyeshe kidogo jinsi chumba kile kilivyo. Ni kidogo, kina joto, feni huzimwa kwa sababu inanguruma kwenye maiki. Anayeingiza sauti ana vipokea sauti masikioni, kioo mbele yake, karatasi mkononi. Maneno yalitufikia kwa Kiingereza, yaani yalikuwa yameshavuka mpaka mmoja kabla ya kufika kwetu. Siku moja kuna kijana anapita mbele ya fundi seremala na kumsemesha. Karatasi ya Kiingereza ilimtakia bahati njema katika kazi yake, na mfasiri wetu akaandika kama alivyoona: "Nakutakia kila la heri katika kazi yako." Mama mmoja aliyekuwa akitoa sauti za wazee akavua vipokea sauti, akacheka. "Huyu si anasema 'pole na kazi'?"

Nikaenda kuuliza. Mturuki pale alikuwa amesema *kolay gelsin*, maneno ambayo kwao humwambia mtu unayemkuta anafanya kazi, yaani kazi yako ikujie nyepesi. Ni pole na kazi kabisa. Kiingereza hakina kitu kama hicho, ndiyo maana kilikuwa kimepotelea njiani. Baada ya hapo tukawa tunaivizia misemo ya namna hiyo. Mgonjwa kwao huambiwa *geçmiş olsun*, kwetu ni ugua pole. Shemeji wa kike ana neno lake, kaka mkubwa ana neno lake, dada mkubwa ana neno lake, na huwezi kuwaita kwa jina kavu. Kijana akimsalimia mzee huinama, akambusu mkono na kuuweka kwenye paji la uso wake. Uso umeinama, mdomo hauonekani: hapo tunapachika "shikamoo bibi", na inakaa kama ilizaliwa pale. Ukibahatika kuisikia tamthilia kwa Kituruki chenyewe, tega sikio. Utasikia *haber, vakit, dünya, kitap, sabır, asker*. Hizo ni habari, wakati, dunia, kitabu, subira na askari, kwa sababu wao na sisi tulichota kisima kimoja cha Kiarabu.

Si kila kitu kilikaa. Neno *canım*, ambalo Waturuki humwitia yeyote wampendaye, lina silabi mbili tu. "Mpenzi wangu" halitoshi mdomoni mwake, na hata "mpenzi" linazidi, tena haliwezi kutumika kwa mama na mwanawe. "Roho yangu" ndiyo maana yake hasa, ila ni refu zaidi. Tulichofanya ni kusubiri mwigizaji ageuke kisogo. Wewe unatazama unadhani ni mahaba ya kimyakimya, kumbe sisi tunatafuta kisogo.

Na wala hatukuanza jana. Kabla ya ving'amuzi kulikuwa na vibanda umiza, na ndani yake watu kama Lufufu hapa Tanzania, DJ Afro Kenya na VJ Jingo Uganda, ambao walichukua filamu ya Kihindi, ya Kichina au ya Marekani na kuisimulia upya juu ya picha, wakamwita steringi kwa jina la mtaani na kumtania adui kama jirani. Wasomi waliwadharau kwa muda mrefu. Mimi naona walikuwa walimu wetu.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni Dou Dou na Mama Wakwe Zake, tamthilia ya Kichina iliyorushwa na TBC mwaka 2011 ikiwa imetiwa Kiswahili. Angalia hiyo "zake" ya wingi. Muuguzi kijana ameolewa na mtu ambaye wazazi wake waliachana na kuoa upya, kwa hiyo ana mama wakwe wawili kwa mpigo. Hakuna upanga, hakuna jumba la kifalme, ni watu wa fleti za Beijing wanaogombania nani atamlisha nani nini. Wachina wangeweza kutuletea vita na historia ya miaka elfu tano. Walileta mama wakwe wawili, na watu wakakaa kitako.

Hapo ndipo mumeo anapoinua kidole, na ana haki ya kukiinua. Mwezi Machi 2013 Rais Xi Jinping alihutubia Dar es Salaam na kuitaja tamthilia hiyohiyo kwa jina mbele ya wenyeji wake. Rais wa nchi kubwa hataji tamthilia bure. Imran Khan, akiwa waziri mkuu wa Pakistan, aliwahimiza wananchi wake watazame tamthilia ya Kituruki ya Ertuğrul, na televisheni ya taifa ikaanza kuirusha kwa Kiurdu mwezi Aprili 2020. MBC nao, waliotajirika kwa Noor, Machi 2018 waliziondoa tamthilia zote za Kituruki hewani wakati uhusiano wa kisiasa kati ya Uturuki na baadhi ya nchi za Kiarabu umechacha. Kwa hiyo serikali zinajua kwamba tamthilia ni ubalozi, na anayesema ni burudani tupu anajidanganya.

Ila kuiita njama ya kututawala ni kuipa mpango ambao haina. Sehemu kubwa ni biashara, tena ya kawaida kabisa. Tamthilia ya Kituruki ikirushwa kwao, sehemu moja huchukua saa mbili na zaidi kila wiki, kwa sababu ya matangazo. Mwishoni mwa 2010 wafanyakazi wa tamthilia huko Istanbul waliingia barabarani kulalamikia urefu huo. Ikiuzwa nje, kila sehemu hukatwa vipande vya dakika arobaini na kitu, na msimu mmoja unakuwa sehemu mia na ushei. Gharama imesharudi nyumbani, kinachouzwa nje ni faida, kwa hiyo bei inashuka. Kituo cha kwetu chenye saa nyingi za kujaza kila siku kikipiga hesabu, kununua na kutia sauti ni nafuu kuliko kutengeneza. Na ukiwahi kujiuliza kwa nini wanatazamana dakika nzima bila kusema, muziki unalia tu, basi ndiyo hizo saa mbili zinazotafuta kujazwa.

Mkumbushe pia mumeo kwamba malalamiko yake ana wenzake wakubwa. Mwaka 2008 Mufti Mkuu wa Saudi Arabia aliikemea Noor hadharani. Novemba 2012 Erdoğan mwenyewe, wakati huo waziri mkuu wa Uturuki, aliishambulia tamthilia mnayoijua kama Sultan, akisema babu yao alitumia miaka 30 juu ya mgongo wa farasi, hakukaa kwenye jumba kama alivyoonyeshwa. Yaani hata Waturuki wanalalamika kwamba tamthilia ya Kituruki inawaharibia Uturuki wao.

Kama zinatubadilisha? Zinatubadilisha, lakini kwa njia ambayo wengi hawaitarajii. Tamar Liebes na Elihu Katz waliingia kwenye nyumba za watu nchini Israeli miaka ya 1980, wakatazama nao Dallas na kuwaomba wasimulie walichokiona. Wahamiaji kutoka Urusi walisimulia ujumbe: wenye kutengeneza hiki kitu wanataka tuamini kwamba matajiri hawana raha. Waarabu na Wayahudi wenye asili ya Morocco walisimulia kisa, nani ni ndugu wa nani. Kundi moja la Waarabu lilisimulia kwamba Sue Ellen alimkimbia mumewe, akamchukua mtoto na kurudi kwa baba yake mzazi. Kwenye picha alikuwa amekimbilia kwa mpenzi wake wa zamani, na baba aliyekuwapo pale ni wa huyo mpenzi. Wao waliona picha ileile, ila akilini mwao mke aliyeudhiwa hurudi kwao. Tamthilia ikanyooshwa hadi ikaingia mlangoni. Ndivyo bibi anavyofanya kila usiku, na ndiyo maana siogopi kwamba atageuka Mturuki.

Ila sitaki nimkatae mumeo moja kwa moja, maana upande wa pili nao una ushahidi. Wachumi Eliana La Ferrara, Alberto Chong na Suzanne Duryea walichunguza jinsi televisheni ya Globo, yenye tamthilia zake, ilivyoenea Brazil, wakaona kwamba ilipofika, wanawake walizaa watoto wachache zaidi. Hakuna mhusika aliyehubiri uzazi wa mpango. Wanawake wakuu wa tamthilia zile wengi hawakuwa na watoto, au walikuwa na mmoja, na maisha yalikuwa yanaenda. Watu walizoea kuona. Na sisi wenyewe tumelitumia jambo hilo kwa makusudi. Peru mwaka 1969 walikuwa na tamthilia ya Simplemente María, mtumishi wa ndani aliyejifunza cherehani akainuka, na wasichana wakakimbilia cherehani. Mexico wakachunguza ilivyofanya kazi, wakatengeneza mtindo wa kufundisha kupitia visa, na mtindo huo ukafika Radio Tanzania mwaka 1993 kwa jina la Twende na Wakati. Kama umri wako unaruhusu, au muulize bibi, mtamkumbuka Mkwaju, yule dereva wa lori. Kituo cha Dodoma hakikuurusha mchezo ule hadi 1995, watafiti wakapata pa kulinganishia, na kule uliposikika matumizi ya uzazi wa mpango yalipanda zaidi. Mkwaju alikuwa wa kwetu kabisa, lakini mifupa yake ilitoka Lima kupitia Mexico.

Kwa hiyo "kiburi" cha wanawake anachokisema mumeo, ningekigeuza swali. Kwenye Noor mume alikuwa anamsaidia mkewe aendeleze kazi yake ya ubunifu wa mavazi. Gumzo lililoenea Uarabuni kiangazi kile lilihusu wake waliowatazama waume zao sofani na kuanza kulinganisha. Huenda mumeo anahisi analinganishwa. Kaa naye mtazame sehemu mbili pamoja, umuulize anamwonaje yule mwanamume. Wanaume wengi huanza kwa kukoroma na kuishia kuuliza kesho inaendelea saa ngapi.

Kuhusu binti nitasema wazi kuliko hapo juu. Kuuza king'amuzi hakumgusi, kwa sababu yeye yumo kwenye simu. Mtakuwa mmemwadhibu bibi kwa kosa la mjukuu. Za Kikorea pia zina ukaribu wake: vijana wanainama kwa wazee, wanampa mkubwa kitu kwa mikono miwili, hawathubutu kumwita kwa jina. Hiyo "oppa" ndivyo msichana anavyomwita kaka yake mkubwa, au kijana aliyemzidi umri ambaye wamezoeana. Kama kaka yake kweli ni mkubwa, ameitwa kwa heshima. Kama ni mdogo wake, mwambie amekosea Kikorea, nina hakika atanyamaza siku nzima. Hayo hayanitishi. Kinachonitisha ni saa nane usiku. Mtoto wa umri wake anahitaji usingizi wa saa nane hadi kumi, na programu za kutazamia zimeundwa zifungue sehemu inayofuata kabla hajafikiria kuzima. Tamthilia nyingi za Kikorea zina sehemu 16 hivi; mpangieni mbili za Ijumaa na mbili za Jumamosi, na usiku simu ichajiwe sebuleni, ya baba na ya mama pia. Hili la mwisho ndilo gumu, najua. Nimeona nyumba linaposhindikana ni kwa sababu ya simu ya baba.

Kuna dalili ambazo zikitokea usibaki kusoma majibu ya mwalimu wa mbali. Akianza kushuka darasani kwa mfululizo, akijitenga na marafiki, akikataa kula ili awe mwembamba kama wale anaowatazama, au akichukia rangi ya ngozi yake na kununua mikorogo kwa siri, nenda kaonane na mwalimu wake wa malezi au mhudumu wa afya, ana kwa ana. Na kama kuna mtu anachati naye akijifanya ndiye mwigizaji fulani, anaomba picha au fedha, hilo ni jambo la polisi na ustawi wa jamii siku hiyohiyo. Namba ya huduma kwa mtoto ni 116, haina malipo. Utapeli huo hauwapati watoto tu, kwa hiyo mtupie jicho na bibi.

Umeuliza mbona za kwetu haziendi. Zinaenda, ila hatuhesabu zinakokwenda. Filamu za marehemu Steven Kanumba, aliyefariki Aprili 2012, zilipendwa Burundi, Rwanda na mashariki ya Kongo, na aliigiza na Wanaijeria. Kiswahili kilizibeba hadi kilipoishia. Kuvuka zaidi ya hapo kuna kikwazo cha kifundi ambacho hakizungumzwi: mnunuzi wa nje anataka sauti za maneno ziwe kando na sauti za muziki, nyayo, milango na magari, ili aondoe Kiswahili aweke lugha yake. Kazi zetu nyingi zilirekodiwa vyote pamoja, kama mchuzi uliokwisha koroga. Ukitoa maneno, mlango nao unanyamaza. Nyingine zina nyimbo ambazo haki zake hazikulipiwa. Hayo yanarekebishika. Waturuki hawa hawa miaka ya 1980 walikuwa wanunuzi, wakimlilia mtumwa Isaura wa Brazil kama bibi anavyomlilia Hürrem leo.

Sasa bibi. Mwambie alikuwepo. Alizaliwa katika nchi ambayo leo ni Ukraine, akatekwa akiwa msichana, akauzwa. Sultani Suleiman alimwoa rasmi, jambo ambalo masultani walikuwa wameliacha kwa muda mrefu, na watu wa mjini walimwona mchawi. Barua alizomwandikia mumewe akiwa vitani zipo hadi leo. Kama hataki kujua mwisho, ishia hapo. Kama anataka: alifariki 1558, miaka minane kabla ya mumewe, na wamezikwa jirani, kila mmoja na kaburi lake, kwenye uwanja wa msikiti wa Süleymaniye. Mke mwenzake, Mahidevran, aliishi zaidi ya miaka 20 baada yake. Yeye yuko Bursa, amezikwa pamoja na mwanawe Mustafa.